Wiki Uliyoiondoa Kwenye Waya wa Tano

Bhoke mwanangu,

Salamu tulishapeana asubuhi, na habari za nyumbani unazijua kuliko mimi, kwa hiyo utangulizi siweki. Umeenda Mugumu kumuaga shangazi yako, na mimi shangazi yako namjua: hakuachii mpaka ule, na ukishakula hakuachii mpaka umsikilize ugomvi wake na mwenye nyumba. Kwa hiyo nina muda, ila makalio ndiyo hayataki kutulia. Nakaa, nainuka. Mara maharage yanaungua, mara ndama amekata kamba, mara nasikia bodaboda nakimbilia dirishani nikidhani ni wewe. Siyo wewe, ni yule kijana wa mkaa. Nimerudi kukaa tena.

Mambo ya sweta, ya karatasi za kuvukia mpaka pale Sirari, ya nani wa kumwamini Nairobi na nani wa kumpita kando, hayo humu hutayakuta. Una akili zako, na usiyoyajua yatakufundisha yenyewe. Nataka kusema habari ya ile wiki. Ile uliyoiondoa.

Kwanza niieleze kazi yako kwa maneno yangu, maana hujawahi kunisikia nikiieleza, na huenda nimeielewa vibaya muda wote huu. Nikikosea utanisahihisha.

Ulichukua taarifa zote za tembo ambazo mradi wenu ulizikusanya kwenye vitongoji vyetu: usiku waliotoka hifadhini, mashamba waliyoingia, ekari walizokanyaga, mahindi yalikuwa yamefikia wapi, kama mvua ilikuwepo au haikuwepo. Ulinionyesha zile kurasa kwenye kompyuta nikaona mistari na namba, mistari na namba, nikakuuliza kama umekula. Ukaniambia, "Mama, mistari hii inasomwa mezani kwa wakubwa kila mwaka, na hakuna anayetikisika kwenye kiti." Ndipo ukaenda kwa fundi Rajabu pale Mugumu akakutengenezea fremu ya mbao, kubwa kama mlango, ukaifunga nyaya nane za uzio kwa sababu litungu, ala yetu ya Kikurya, lina nyuzi nane. Kila waya ukaupa kitongoji chake. Ukamkalisha baba yako mkubwa Mwita kutwa nzima, ukamrekodi akipiga litungu lake, uzi kwa uzi, naye akakulalamikia kwamba hajawahi kupiga litungu kwa soda.

Sasa mtu akishika waya, litungu la Mwita linaanza kupiga mwaka mzima wa kitongoji kile. Usiku tembo wasipokuja, linakwenda polepole. Wakija, linachanganya. Wakiharibu sana, linapiga kwa nguvu. Na aliyeshika akiachia tu, linanyamaza. Anayetaka kujua mwaka uliishaje lazima asimame pale, mkono kwenye waya, mpaka mwisho. Hapo nimesema sawasawa?

Mimi nilikudharau, Bhoke. Nilitaka uwe muuguzi. Ulipokuwa unachomelea vile vidude vyako hapo sebuleni nilimwambia jirani, kwa sauti ya kukusudia uisikie, kwamba nimesomesha mtoto ili aje atengeneze gitaa lisilobebeka. Jirani alicheka, nawe ukacheka, lakini hukula jioni ile. Mdomo wangu nimezaliwa nao. Nimejaribu kuufuga, haufugiki.

Halafu ikafika siku ya ukumbi wa kata. Uliwaalika watu wa vitongoji vyote nane, wazee, kina mama, vijana wanaolinda mashamba. Nilivaa kitenge changu cha harusi ya binti wa Rhobi. Uliwaeleza watu kwa dakika chache tu kwamba hizi ni sauti za tembo walivyokuja, kisha ukamwomba Mwita ashike waya wa kwanza. Na hapo ndipo ulipokosea hesabu, mwanangu, wewe Mkurya wa kuzaliwa. Ulitaka watu wasikie hasara yao wakae kimya, waguswe. Ukawapigia litungu! Tangu lini Mkurya akasikia litungu limechanganya akabaki kwenye benchi?

Kwanza walitikisa vichwa. Kisha mama Ghati akatikisa mabega palepale alipokaa. Waya wa tatu ulipofika kwenye msimu wa mavuno, vijana walikuwa wameshasogeza mabenchi ukutani. Mtu alipiga vigelegele. Mzee mmoja alikuwa anaruka na fimbo yake kama hajawahi kuumwa mgongo. Nawe ulisimama kando ya spika, mkono mdomoni, nikadhani umefurahi.

Waya wa tano ni wa kitongoji chetu. Mwita aliushika, nami nikaingia kati. Unajua tangu lini sijacheza? Unajua. Nilicheza mpaka kilemba kikadondoka. Litungu lilikwenda polepole, likachanganya, likapoa, halafu likafika mahali likachanganya kuliko nyaya zote zilizotangulia, likapiga kwa nguvu hadi vumbi la ukumbi likapanda, nami nikasema leo na iwe leo. Nilicheza pale kuliko mtu yeyote. Na yule kijana wa Marwa wa ng'ambo ya mto akapaza sauti, "Dada Bhoke, hapo hapo! Rudisha hapo palipochanganya! Hapo ni wapi?"

Wewe hukujua kudanganya hata ulipokuwa mdogo. Ukasema, "Ni ile wiki tata alipofariki."

Ulisema tata, kama ulivyokuwa ukimwita baba yako alipokuwa hai. Mwita akaachia waya. Litungu likakatika, na mimi nilikuwa katikati ya ukumbi, mikono bado iko juu.

Niliondoka bila kilemba. Ulinikuta nyumbani, nikakuambia maneno ambayo unayakumbuka, lakini acha niyaandike ili usidhani nimeyasahau. Nilisema, "Umenichezesha juu ya kaburi la baba yako. Ungeniambia." Ukajibu, "Ningekuambia, usingekuja." Nikasema, "Ndiyo maana ungeniambia!" Ukalia. Sikukubembeleza. Siku iliyofuata ukaniambia umeitoa ile wiki kwenye mashine, na kwamba bila mimi kukuruhusu hutairudisha. Nikajibu, "Vizuri." Nikachukua ndoo nikaenda zangu kisimani.

Basi hilo "vizuri" limenikaa kooni tangu siku ile.

Halafu wale wa jumba la maonyesho Nairobi wakapiga simu. Ulikuwa umeweka sauti ya nje, nikamsikia yule dada wao na Kiswahili chake cha huko: "Bhoke, hiyo kazi tunaitaka vile iko, sawa? Tumeiona kwenye video ya ile hall yenu. Usibadilishe kitu. Watu wataishika hapa mwaka mzima." Ukajibu sawa. Ukanitazama, kisha ukatazama chini. Hukumwambia kwamba imeshabadilika. Wala hukuniomba ruhusa. Umepanga vitu vyako, umefunga fremu kwa turubai, na kesho asubuhi unaondoka na kitu ambacho wewe mwenyewe unajua kina uongo ndani yake, na uongo huo ni wangu. Utasimama kando yake mwaka mzima ukiwaambia wageni kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa. Nakujua. Itakula moyo wako polepole, na hutanilaumu, na hilo ndilo baya zaidi.

Ngoja niangalie maharage.

Yako salama. Nimeongeza maji.

Nataka nikuambie kwa nini niliumia vile, maana hata mimi sikujua mpaka jana. Nilidhani ni aibu ya kucheza. Watu walioniona hawakunisema, walikuja kesho yake na sukari na pole. Siyo aibu.

Unakumbuka ulivyoanza kazi kwenye mradi, ukaja na ile kompyuta ndogo ya kushika mkononi kuuliza maswali nyumba kwa nyumba? Ulifika na kwetu, kwa kuwa kitongoji chetu kilikuwa kwenye orodha yako. Ulisema, "Shikamoo mama," kisha ukakaa kwenye kigoda ukaanza. Waliingia saa ngapi? Walikuwa wengi kiasi gani? Zao gani? Kuna aliyejeruhiwa au kufariki? Nami nikakujibu. Alfajiri. Kundi lenye watoto. Mahindi yaliyokomaa na muhogo. Mmoja, mwanaume, amefariki. Ulibonyeza, ukabonyeza, ukasema asante kwa ushirikiano wako. Tukanywa chai.

Nimekuwa nikijivunia siku hiyo, unajua? Nilijiona mwanamke jasiri. Walikuja askari wa wanyamapori nikawajibu hivyohivyo, akaja mwenyekiti na watu wa halmashauri nikawajibu, kila mtu akasema huyu mama ana moyo. Sikuwa na moyo. Nilikuwa nimegundua kwamba saa na ekari hazilizi. Ukiulizwa mume wako alikufaje ukasema alfajiri, upande wa muhogo, tembo jike mwenye mtoto, unaweza kusema ukiwa unachambua mchicha.

Hilo nililitoa kwetu. Nimekua Matongo, na marehemu babu yako alikuwa akichimba dhahabu kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo kule Nyakunguru. Shimo likiporomoka na watu wakiwa ndani, alikuwa anarudi nyumbani anasema udongo umeshuka. Basi. Mama anampa maji ya kunawa. Sisi watoto tulijifunza majina ya waliokufa kwa kuangalia nyumba ipi inalia. Nikaona ndivyo watu wazima wanavyofanya, unataja udongo, mtu humtaji. Nimeolewa huku Serengeti na hiyo tabia, nikamlea mtoto nayo, na mtoto aliponiuliza habari za baba yake nikampa udongo. Wewe ulikuwa binti yake, Bhoke. Ulistahili kuinuka kwenye kile kigoda ukiwa umelia. Nikakuacha uniandike kama jirani.

Sasa ndiyo nakuja kwenye ya jana. Ulikuwa umeenda kutafuta gari la kubeba fremu. Mashine ilikuwa bado imeunganishwa na betri, turubai umelifunua upande mmoja. Nilikuwa nafagia. Nilijiambia nafagia tu. Nikaegemeza ufagio, nikashika waya wa tano.

Litungu lilienda vizuri. Nilitambua msimu wa kupanda, nikatambua ile mvua iliyochelewa. Mahindi yakakomaa, litungu likaanza kuchanganya, nikaushika waya kwa mikono yote miwili. Halafu likaruka. Kama mtu aliyejikwaa akajifanya hajajikwaa, likaendelea polepole na mwezi uliofuata. Kwa mashine yako, wiki ile sisi tulilala usingizi. Hakuna kilichotokea. Hakuna aliyetoka, na hakuna aliyeletwa nyumbani juu ya mlango wa zizi.

Niliachia, nikashika tena toka mwanzo. Likaruka palepale. Sikuwahi kufikiri kuna kitu kingeniuma kuliko kucheza. Kilikuwepo.

Mwita akaingia bila hodi, kama kawaida yake, amesikia vidole vyake mwenyewe kwenye litungu akiwa nyumbani kwake. "Shemeji, hapo kuna pengo," akasema. "Mimi siruki hivyo. Huyu mtoto ananiharibia jina."

Nikamwambia mimi ndiye niliyesema "vizuri" ilipoondolewa ile wiki. Nikamweleza kwamba siwezi kuruhusu watu wachezee kifo cha mdogo wake, Nairobi wala hapa.

Mwita akakaa kwenye kochi, akanitazama kama ananitafutia dawa. "Mama Bhoke, wewe unafikiri kule shambani tulikuwa tunakaaje macho?"

Nikauchukua ufagio wangu.

"Nani alikuwa anapiga litungu kwenye kile kibanda? Ni mimi. Na nani alikuwa anacheza? Si ulikuwa unatusikia mpaka hapa, ukamtuma mtoto wa jirani aje aulize tumeenda kulinda au tumeenda kunywa?"

Bhoke, nilikuwa nawasikia. Hilo ndilo nililokuficha, na sikulificha kwa makusudi. Hakuna swali lililoliuliza. Mahindi yakishakomaa wanaume walikuwa wanalala kwenye vibanda vya kulindia, na usingizi ukiwazidi Mwita anapiga na baba yako anacheza, amejifunga njuga miguuni, anawatukana vijana waamke wacheze naye. Tembo wakitokea wanaacha kucheza wanapiga madebe, wakiwafukuza wanarudi kucheza. Nilikuwa nalala hapa nimekasirika. Nilikuwa nasema mtu mzima na njuga, majirani watasemaje. Wiki ile ya mwisho tembo walikuja karibu kila usiku, na wanaume nao walicheza kila usiku, na asubuhi moja kabla ya ile asubuhi alirudi akaniomba chai hajavua hata njuga, anachechemea, anacheka peke yake. Nikamwambia avue hizo kelele mtoto amelala. Wewe ndiye uliyekuwa umelala.

Mwita alipoondoka jana nililia mpaka nikasahau kuku nje. Ndiyo maana asubuhi umeuliza kwa nini yule mwekundu haonekani. Kicheche kamla. Nisamehe, alikuwa wako.

Sasa nisikilize. Mimi si mtu wa kompyuta, na hii sanaa yako ya kuwafanya watu washike namba na kuzisikia mwilini mimi nimeijua juzi tu, tena kwa kuipinga. Lakini nimeishika, nimesimama pale, na nina maneno mawili matatu ya mtu aliyeumia kwayo.

Ukumbini hukukosea kutupigia litungu. Ulikosea kutuacha tucheze bila kujua tunamchezea nani. Mama Ghati angejua ule waya wa tatu una shamba lake mwenyewe ndani, pengine angecheza zaidi, pengine angekaa chini, lakini ingekuwa hiari yake. Waambie watu kabla hawajashika. Na uwaulize wenye msiba kabla hujawapeleka mbele za watu, hata kama mwenye msiba ni mama mwenye mdomo na unajua atakataa. Ningekataa. Tungegombana wiki nzima humu ndani. Halafu tungefika hapa tulipo, ila bila kilemba changu kukanyagwa.

Na usiipunguze mwendo. Nakujua, utataka kuifanya ile wiki iwe ya huzuni, uipoze, uiweke mlio wa chini ili wageni washike vifua. Usithubutu. Iache ikimbie kama ilivyokimbia. Wakicheza Nairobi, wacheze. Siku ile wewe ulikuwa unatafuta machozi ukaona watu wanaruka, ukadhani kazi imeharibika, ukajificha kando ya spika. Usijifiche tena. Mtu anaweza kucheza na kuumia kwa wakati mmoja, mimi nimekaa na mmoja wao nyumba moja nikamwambia avue njuga.

Makosa yangu mengine utayasikia kwa shangazi yako, anayo yote na ya kuongeza. Hili la ile wiki nimetaka ulipate kutoka kwangu, na kwa karatasi, kwa sababu ukiwa mbele yangu nitaanza kukuuliza kama umefunga begi na tutapoteza muda.

Nasikia pikipiki. Safari hii ni wewe, nasikia unabishana na dereva.

Nitakupa barua hii ukimaliza kunawa, nami nitajifanya niko jikoni. Isome yote. Kisha fungua turubai, washa mashine yako, na uirudishe ile wiki mahali pake, nusu saa au saa nzima, nitangoja. Ukishamaliza uniite. Kabla mtu yeyote wa Nairobi hajaugusa, waya wa tano nitaushika mimi, toka mwanzo wa mwaka hadi mwisho. Nikianza kulia, Bhoke, usinitoe mkono.

Mama yako